Open-Meteo kwa tahadhari ya mvua Moshi: weka alama mlimani kwanza

Maji yanayobomoa matuta ya mpunga Mabogini mara nyingi hayakunyesha Mabogini. Yamenyesha juu, upande wa Uru na Old Moshi, yakateremka na mto Rau wakati tambarare bado kuna jua. Kwa hiyo anayeweka alama moja tu, yaani mahali pa kuulizia mvua, shambani kwake, anapata taarifa sahihi ya mahali pasipo na hatari. Zinahitajika alama mbili, shambani na mlimani, na ya mlimani ndiyo ya kuamshia watu usiku.

Open-Meteo, huduma ya mtandaoni ya hali ya hewa, inaifanya kazi hiyo bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, hadi maombi 10,000 kwa siku. Kuuliza alama mbili kila saa ni maombi 48. Tunaipendekeza, ila yenyewe haitumi tahadhari: unaiomba kwa latitudo na longitudo, inakurudishia namba. Lazima programu ndogo kwenye seva ijumlishe milimita na kutuma ujumbe wa Telegram au SMS. Anza na kiwango cha mm 20 ndani ya saa 3 kwa alama ya mlimani, kisha kirekebishe baada ya kuona mto unavyojibu.

Makosa mengi hutokea kwenye mipangilio. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi: Moshi mjini ni -3.35, 37.34. Ukisahau alama ya kutoa, huduma hailalamiki. Inakuletea mvua ya kaskazini mwa Kenya, pande za Jangwa la Chalbi, nawe unaona sifuri katikati ya masika. Usipotaja majira ya eneo (Africa/Dar_es_Salaam), saa zinakuja za Greenwich, yaani saa 3 nyuma ya zetu. Na milimita zilizoandikwa kwenye saa fulani ni za saa nzima iliyotangulia.

Udhaifu mkubwa ni huu: namba zote zinatoka kwenye modeli, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa. Hata mvua ya jana unayoiona pale ni hesabu, hakuna chombo kilichoikinga shambani kwako. Data za kila dakika 15 zinavutia, lakini kwa Tanzania zimekadiriwa kutoka kwenye data za kila saa, kwa hiyo hazikuongezei kitu. Modeli hugawa nchi kwa miraba ya kilomita kadhaa, na mteremko wa Kilimanjaro hubadilika haraka kuliko hapo. Mraba mmoja unaweza kuchanganya migomba na msitu. Mvua pana ya masika inaikamata vizuri. Ngurumo ya alasiri inayopiga kijiji kimoja, usiitegemee.

Dawa yake ni kipimamvua cha vijiko vinavyopinduka, chenye laini ya simu na sola, huko juu. Kiweke sawasawa kwa pima maji, mbali na migomba angalau mara mbili ya urefu wa migomba hiyo. Chenye mdomo wa sm 20 na mm 0.2 kwa kila mpinduko hupinduka kila kinapopata mililita 6.3 hivi. Kijaribu kwa mililita 500 zinazodondoka taratibu kutoka kwenye chupa iliyotobolewa, kwa nusu saa: utahesabu mipinduko kama 80. Ikipungua sana, tafuta jani, utando wa buibui au kiota cha nyigu kwenye faneli. Kwenye mvua kali sana kitasoma pungufu hata kikiwa safi, kwa sababu maji hupotea kijiko kinapogeuka. Ukilinganisha jumla za siku, kumbuka vituo vyetu husoma saa 3 asubuhi, huku huduma ikihesabu tangu usiku wa manane.

Panga pia programu itume ujumbe mfupi kila saa 12 jioni, hata kama ni kiangazi. Umeme au bando likikatika, ukimya wake hufanana kabisa na siku isiyo na mvua.