Windy, Zoom Earth na zile za ikoni ya jua: ipi inafaa kufuatilia dhoruba huku kwetu

Ukiiuliza Google aplikesheni bora ya kufuatilia dhoruba, utaletewa RadarScope na MyRadar, sifa kibao, na sifa zenyewe ni za kweli ila ni za kweli kwa mtu anayeishi Oklahoma. Marekani wana rada za hali ya hewa zaidi ya 150 nchi nzima na data zake ziko wazi kwa yeyote, kwa hiyo kazi ya aplikesheni ni kuichukua ile picha na kuichora vizuri, mtu anaona kabisa dhoruba inavyokuja mtaani kwake. Sasa wewe ifungue ukiwa Dar, sogeza ramani mpaka Mafia, utaona bahari ya bluu haina hata doa, kumbe sio kwamba kumetulia, ni kwamba hakuna rada inayoleta kitu hapo. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, rada wanazo, Dar ipo, Mwanza ipo, Mtwara ipo, ila picha zake hazifiki kwenye hizo aplikesheni. Hiyo ndo shida yenyewe, ramani isiyo na data na anga safi vinafanana kwa macho. Na RadarScope unalipia kwanza ndo uione. Ruka tu.

Mi napeleka mzigo Mafia, unga, sukari, mafuta ya kula, tunapakia Nyamisati tunashusha Kilindoni, kwa hiyo swali langu kwa simu ni moja, mzigo upakiwe leo au ulale. Sio kama ninyeshewe au nibebe mwavuli. Nasema mapema ili msije mkaniambia mbona sijaisifia aplikesheni fulani ina muonekano mzuri.

Tuanze na ile inayokuja na simu, ya ikoni, kijua, kiwingu, kiwingu chenye matone. Wengi wetu ndo tunayoiangalia asubuhi na kwa mtu wa ofisini inatosha kabisa. Kwa bahari haifai kitu. Mwezi wa saba upepo wa kusi ukiwa umekaza sawasawa, jua linawaka, anga haina wingu, ikoni inakuonesha kijua kinacheka, na bandarini hakuna boti inayothubutu kutoka. Upepo umefichwa kule chini kabisa, namba moja ya siku nzima. Afu ile "asilimia 60 mvua", mvua wapi, saa ngapi, na upepo gani mbele yake? Haikuambii. AccuWeather kidogo ina nafuu maana inakupa saa kwa saa pamoja na upepo, ila matangazo yake yanakula bando, na bado unasoma namba za sehemu moja huoni kinachokuja kutoka nje.

Windy ndo niliyobaki nayo. Angalizo kabla hujapakua, zipo mbili zenye jina karibu sawa, kuna Windy ya Windyty SE, Wacheki, na kuna Windy.app ambayo ni ya watu wengine kabisa. Nayoisema mimi ni hiyo ya kwanza, angalia jina la kampuni pale Play Store. Ni ya bure, haina matangazo, na kitu kilichonifanya niipende ni kwamba inakuachia uchague modeli. Yaani utabiri unatoka kwenye kompyuta kubwa za taasisi mbalimbali, ECMWF ni ya Ulaya, GFS ni ya Wamarekani, na kila moja imeigawa dunia kwenye vyumba vyumba, ya Ulaya pale Windy imeandikwa kilomita 9 na ya Wamarekani kilomita 22. Chumba kikiwa kikubwa, mkondo mwembamba kama wa kati ya Mafia na bara unakuwa umemezwa humo. Mi nafungua zote mbili kwa siku ileile. Zikikubaliana kwamba kesho mchana upepo ni noti 12 (noti ni kipimo cha kasi cha watu wa baharini), naanza kuita vijana wa kupakia. Moja ikisema 12 nyingine 25, hiyo yenyewe ni habari, maana yake hata wao hawajui, na hapo mzigo unalala bila mjadala.

Humohumo kuna mawimbi, na hapa watu wengi wanaangalia urefu tu. Usiangalie urefu peke yake, angalia na sekunde zilizoandikwa pembeni, ndo muda kati ya wimbi na wimbi. Mita moja na nusu kila sekunde 5 inampiga nahodha kuliko mita mbili za kila sekunde 12, zile ndefu boti inapanda inashuka taratibu, zile za karibukaribu hata hujapumua lingine limekupiga ubavuni. Ya bure inaruka saa tatu tatu, ukilipia inaenda saa kwa saa. Upande wa vipimo inakuja na noti, ukigusa pale kwenye kipimo inabadilika kuwa kilomita kwa saa, na hii ina maana kwa sababu TMA wanatoa taarifa kwa kilomita. Wakisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, kwenye noti ni kama 22.

Zoom Earth ni kitu kingine, hii unaiweka kwa ajili ya macho. Picha za setilaiti za kweli, kwa upande wetu zinatoka kwenye setilaiti ya Meteosat ya Ulaya iliyoko juu ya Bahari ya Hindi, mpya kila robo saa, unairudisha nyuma saa kadhaa unaona mawingu yanavyotembea. Hakuna kubashiri hapo, ni kilichopo. Kimbunga kikitokea kinawekewa alama, jina, njia kilikotoka na njia kinakotarajiwa kupita. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya ndo wengi wa pwani tulijifunzia hapo, lile duara la mawingu likikaribia huku boti za Dar na Zanzibar zimesimamishwa, hadi likaingia Mafia Jumamosi ya tarehe 4, likiwa limeshapungua nguvu. Ila mvua yake haikuwa na mchezo, barabara ya kusini ikakatika kule Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Kwa hiyo ule mstari wa njia ya kimbunga msiusome kama vile nje ya mstari kuko salama, mstari ni wa kitovu tu, mvua na upepo vinachukua eneo kubwa sana pembeni.

Kingine kinachowachanganya watu, unaona kimbunga kilekile huku kimeandikwa kasi hii kule kasi ile, wanaanza kubishana mitandaoni nani muongo. Hakuna muongo. Kituo chenye dhamana ya bahari yetu ni cha Wafaransa kisiwani Réunion, wao wanachukua wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani wana kituo chao cha jeshi, JTWC, wanachukua wastani wa dakika 1, kwa hiyo namba yao kwa kawaida inakuwa juu. Kwahiyo kabla hujashtuka angalia aplikesheni yako inamnukuu nani.

Wale wanaosema vimbunga sio vya kwetu, sawa, karibu na ikweta ni nadra kwa sababu mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukizungusha, lakini Lindi kiliingia 1952, Zanzibar 1872, Kenneth 2019 alitukosa kidogo akaingia Cabo Delgado kule Msumbiji, Jobo 2021 akaishiwa nguvu kabla ya kutufikia. Nadra sio kwamba hakuna.

TMA je? Aplikesheni yoyote kati ya hizi haina mamlaka ya kufunga bandari, wao taarifa yao ndo inaangaliwa, na wao ndo wanaoandika kwa Kiswahili kinachoeleweka, angalizo la njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu, pamoja na mikoa husika. Pale wanapoandika "uwezekano" na "athari" soma vyote viwili, uwezekano mdogo wenye athari kubwa sio wa kudharau. Kinachonikera ni kwamba mi naipata kwa picha ya WhatsApp iliyopita kwenye magrupu kumi, mtu kakata juu hata tarehe haionekani. Bora uwafuate moja kwa moja kwenye kurasa zao.

Ndugu zangu wa Ziwa Victoria, kwenu sitawadanganya, Windy inasaidia nusu. Radi za ziwani zinazaliwa usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa, maji yenyewe bado ya moto, wingu linapanda fasta, na mpaka alfajiri wavuvi wako palepale. Wingu la namna hiyo ni dogo kwa modeli za dunia nzima, zinajua kutakuwa na radi usiku huu ila wapi na saa ngapi zinakosea. Mtu wa Ukerewe au Bukoba mi ningemwambia Zoom Earth iwe ya kwanza, aweke picha ya joto la mawingu maana usiku ile ya kawaida ni giza, aangalie kama kuna wingu linavimba haraka, na asome utabiri wa ziwa wa TMA kabla mtandao haujapotea. Na huko majini mtandao ukipotea hakuna aplikesheni hata moja, piga skrinshoti ukiwa bado mwaloni.

Kulipia Windy mi sijaona haja, za bure mbili zinanitosha. Labda uwe na boti yako mwenyewe na unatoka kila siku, hapo ile saa kwa saa itakurudishia hela.