Kuhamisha nyumba, mbwa na paka kutoka Dar hadi Mwanza kwa Fuso la kukodi: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni za Dar ambazo vijana wake huja nyumbani, wakafungasha, wakapakia kwenye Fuso, wakasafirisha hadi mkoani na kushusha. Njia ni Dar–Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Kwa nyota tano, naipa tatu na nusu. Kwenye samani na vyombo vijana wanaijua kazi. Kwenye turubai walizembea. Kwa wanyama wa nyumbani hakuna huduma yoyote ya maana, na ukikubali paka au mbwa wako apande na mzigo umemweka hatarini bure.

Nianze na bei, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Fuso hulipiwa kwa safari, si kwa kilo. Nyumba ya vyumba vitatu hujaza bodi la gari kabla uzito haujafika popote, kwa hiyo swali la msingi ni nafasi. Canter ya tani 4 inatosha chumba na sebule na vikorokoro vyake; ukiwa na makochi seti nzima, vitanda vitatu, friji, mashine ya kufulia na kabati, hilo ni Fuso. Usikubali bei ya kwenye simu. Mtu aje aone ngazi, geti, na upana wa barabara ya mtaani. Kwenye vichochoro vya Manzese au Mabibo Fuso halifiki mlangoni, na itabidi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iende na kurudi hadi barabara kubwa. Mwanza ndiyo zaidi. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Isamilo ziko mlimani katikati ya mawe. Gari huishia chini na mzigo hupanda kwa mabega. Hilo lisipoandikwa mapema, vijana wa kushusha watakudai pesa nyingine godoro likiwa tayari barabarani, na hapo huna ujanja.

Makubaliano yaandikwe: namba ya gari, jina na simu ya dereva, nani analipa wapakiaji wa Dar na washushaji wa Mwanza, gari likiharibika njiani nani anatafuta jingine. Nusu ya pesa ilipwe baada ya kupakia, nusu baada ya kushusha na kukagua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ulizia bima ya mzigo safarini na uione kwa macho yako, kwa sababu bima kubwa ya gari si bima ya vitu vyako, na wengi hulichanganya hili.

Kuna bei nafuu zaidi, ya kuchangia gari na mizigo ya Kariakoo. Kwa mabegi na maboksi machache siipingi. Kwa nyumba nzima siishauri. Godoro lako litakaa na saruji, mafuta ya kula au dawa za kilimo, na gari litasimama kushusha kila mji. Gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lazima lipite mizani ya barabarani, ikiwemo ya Vigwaza, mkoani Pwani. Likikutwa limezidisha kwa mzigo wa mwenzako, vyako pia vinalala hapo.

Kabla ya gari kufika, nenda serikali ya mtaa ukachukue barua ya kuhama, iambatane na orodha ya vitu iliyogongwa mhuri. Askari njiani wana haki ya kuuliza TV tatu na friji ni za nani, na dereva peke yake hana jibu. Nakala moja abaki nayo dereva, nyingine uwe nayo wewe. Usipakie gunia la mkaa wala mbao zilizobaki kwenye ujenzi: ni mazao ya misitu, yanataka kibali chake, na yatakuchelewesha kwenye vizuizi vya barabarani kwa kitu cha thamani ndogo. Uniti za umeme za LUKU hubaki na mita, hazihamishiki, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Bili ya maji ya DAWASA ilipe na risiti muoneshe mwenye nyumba.

Kufungasha kulinifurahisha, na hapo wamestahili nyota zao. Sahani walizisimamisha kwa ukingo ndani ya boksi, kila moja ndani ya gazeti, na chini wakatandika nguo zilizokunjwa. Sahani ikilazwa, uzito wa zilizo juu huibonyeza katikati na ya chini kabisa hupasuka kwenye tuta la kwanza. Vitabu waliviweka kwenye maboksi madogo. Boksi la vitabu likizidi kilo 20 linafumuka chini. Nguo ziliingia kwenye mabegi ya shangazi kaja, ambayo ni bora kuliko boksi kwa sababu yanabonyea na kuziba mianya. Bolti za vitanda zilitiwa kwenye kifuko na kifuko kikafungwa kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Dai hili kwa kila kitanda, la sivyo utafika usiku na mbao nzuri zisizo na nati. Tenki la maji la lita 1,000 lilijazwa mito na mablanketi. Tupu linakula nafasi ya bure.

Friji ndiyo ya kusimamia mwenyewe. Izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, ifutwe ikauke, na kitambaa kikunjwe kwenye mlango ili hewa ipite isiote ukungu. Isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha hapo hapo kompresa inafanya kazi bila mafuta. Ikisafiri wima, ipe saa chache kabla ya kuiwasha. Ikiwa ililazwa, isimame saa 24. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina bolti za usafirishaji zinazoshika pipa lake. Zirudishwe nyuma ya mashine kabla haijabebwa, maana pipa likicheza safari nzima hukata springi. Kama ulizitupa siku uliyoinunua, fundi akutafutie za aina hiyo hiyo. TV isafiri imesimama ndani ya boksi lake au kati ya magodoro mawili, isilazwe kamwe.

Mtungi wa gesi usiingie kwenye bodi lililofunikwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ya mzigo na kungoja cheche. Pika hadi iishe, fungua regulator, kaza vali, na mtungi mtupu usimame nyuma kabisa penye hewa. Jenereta imwagwe petroli yote.

Sasa turubai, palipowapotezea nyota. Walifunika kwa turubai moja lenye matobo ya macho ya kamba, wakaliacha libonyee katikati. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye bonde hilo, yakatafuta tobo, yakashuka kwenye kitu cha juu, ambacho mara nyingi ni godoro kwa sababu ni jepesi. Ndivyo ilivyokuwa: godoro moja lilishushwa limelowa upande mzima. Dawa yake ni rahisi. Magodoro yavalishwe nailoni na kufungwa kwa solatepu, vitu virefu viwekwe katikati ili turubai lipate mgongo na maji yatiririke pembeni, kisha turubai la pili juu ya la kwanza. Lidai kwenye makubaliano. Ukiweza kuchagua mwezi, hama Juni: masika ya Dar yamepita, Kanda ya Ziwa ni kiangazi, na watoto wako likizo.

Wanyama nimewaachia nafasi kubwa kwa sababu kampuni hizi haziwagusi, na jibu utakalopewa ni kwamba "mbwa atakaa nyuma na utingo". Kataa. Chini ya turubai kuna joto, moshi wa ekzosi na kabati linaloweza kuteleza. Kwa jua la kati ya Dodoma na Manyoni mbwa anaweza kufa kwa joto bila mtu wa mbele kujua. Mbwa hatoi jasho la kutosha. Anapoa kwa kuhema, na hewa ikiwa ya moto kuhema hakumsaidii. Wanyama wapande gari dogo, pamoja na mtu wanayemfahamu.

Maandalizi yao yanaanza mwezi mzima kabla. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mbwa na kwa paka, iwe ndani ya muda wake. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza hesabu angalau siku 21 kabla ya safari ili kinga ijengeke. Kadi ya chanjo ikae kwenye mkoba wa vyeti, pamoja na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Wa kuku, vivyo hivyo: chanjo ya kideri wiki mbili kabla, kibali, na matenga yasafiri usiku.

Paka anataka kizimba chenye kuta ngumu, urefu wa sentimita 50 hivi, upana na kimo 30, mlango ufungwe kwa waya. Kikapu cha ukindu atakifumua kwa kucha kabla ya Chalinze. Paka wawili, vizimba viwili, hata kama wamezaliwa pamoja. Hofu huwafanya wapigane. Kizimba kiwekwe sebuleni wiki mbili kabla, wazi, na khanga ya zamani ndani isiyofuliwa, chakula akikute humo. Siku ya kupakia, mtie paka bafuni na maji na beseni la maranda la kujisaidia, funga mlango, bandika karatasi "USIFUNGUE", na chumba hicho kiwe cha mwisho kuguswa. Paka wengi wanaopotea wakati wa kuhama hupotea saa hii, geti liko wazi na wageni wanavuta makabati.

Chakula cha mwisho kiwe kidogo, saa 5 au 6 kabla ya kuondoka, maji yasikatwe. Usimpe dawa ya usingizi kwa ushauri wa jirani. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, na dawa za kupe za mbwa zenye permethrin ni sumu kwake pia. Kama mnyama hutapika au hulia sana garini, daktari wa mifugo ndiye apime uzito na kuamua.

Njiani, mbwa ashuke kila baada ya saa 2 au 3, akiwa amefungwa mkanda shingoni wenye namba yako ya simu, mnyororo ukiwa mkononi kabla mlango haujafunguliwa. Paka asitolewe kizimbani popote, hata kwenye kituo cha mafuta kilichotulia. Kizimba kifunikwe nusu kwa khanga nyepesi. Asipoona malori yanayopishana atatulia. Mbwa akihema kwa kasi, akidondosha mate mazito na fizi zikawa nyekundu, simama kivulini, mlowanishe tumbo na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpepee, kisha tafuta daktari. Gari dogo ligawe safari, mlale Dodoma au Singida. Fuso nalo lina siku mbili hivi za kwake, kwa hiyo huna cha kukimbilia.

Mwanza, kabla mzigo haujaanza kushuka, paka aingie kwenye chumba kimoja kilichofungwa, na khanga yake na maranda yale yale ya Dar. Asitoke nje ya nyumba kwa wiki mbili au tatu. Akitolewa mapema atajaribu kurudi alikotoka na kupotelea kwenye mawe. Mbwa azungushwe uwanja na mnyororo kwanza, ukikagua ukuta una tobo wapi, na kila jioni mkague kupe masikioni na kati ya vidole. Karatasi ya kupokea mzigo usiisaini dereva akiwa na haraka: fungua nailoni, gusa magodoro, tikisa maboksi ya vyombo, na kila kilicholowa au kuvunjika kiandikwe pale pale mbele yake. Saini isiyo na maelezo hayo ndiyo wanayoitumia kukataa madai.