Mfarishi wa gomesi za bibi
Nilimpelekea fundi mmoja hapa Kampala gomesi tatu za marehemu bibi (yale magauni marefu ya kina mama wa Uganda, ya kufunga mshipi), pamoja na vitenge vya kujazia kutoka Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa hapa mjini, anishonee mfarishi na mito miwili ya kumtuza dada siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao. Mshono, jamani! Viraka vimekutana kona kwa kona, na ule mshipi wa kiunoni kaugeuza pindo la pembeni. Mama alipoushika tu, machozi. Mito ndiyo iliyoniudhi: nimelipia sufi, nikaambulia vipande vya sponji, ukilalia unasikia mabonge. Nilimrudishia, akabadilisha bila maneno, ila siku nne zikapotea. Vyote shilingi 180,000. Halafu vitenge vifueni kwanza, changu chekundu kilichuja.