Mashine ya CNC ya mezani kwa viti vya mbao na ngozi: fremu safi, kisu kinahitaji uangalifu

Kwa fremu za viti, mashine hii ya CNC, yaani ya kukata kwa kuongozwa na kompyuta, ni nzuri kweli. Kwenye mbao ngumu, biti (kikatio kinachozunguka) ya milimita 6 yenye makali mawili, mizunguko 18,000 kwa dakika na mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, kina cha milimita 3 kila pito, huacha ukingo unaotaka msasa kidogo tu. Ukipunguza mwendo na kuacha mizunguko ileile, biti husugua badala ya kukata: mbao huungua, makali hufa. Pembe za ndani za matundu ya viungo hubaki mviringo. Zimalizie kwa patasi.

Udhaifu uko kwenye ngozi. Kisu cha kuburuta kinachokuja nayo, kisicho na mota, kinachoburutwa juu ya ngozi na kujigeuza kwenye kona, hukata vizuri ngozi ngumu ya milimita 2, lakini ngozi laini huvutika kwenye kona na matundu ya mshono hayalingani tena. Ibandike kwa teipu ya pande mbili, kata kwa mapito mawili, na uingize kwenye programu umbali halisi kati ya ncha ya kisu na mhimili wake. Ukikosea nusu milimita tu, kona zote zinaharibika. Na fyonza vumbi lote la mbao kwanza. Likibaki mezani, teipu haishiki.

Vibano vyake vya plastiki hulegea haraka. Nunua vya chuma.