Gari la gesi au la umeme: lipi kwa Dar?

Petroli yote huja kwa meli, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gesi ni yetu, kutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Umeme nao sehemu kubwa sasa unatoka Rufiji, kwenye bwawa la megawati 2,115. Kwa hiyo yote mawili yanakupunguzia utegemezi.

Ukifunga gesi kwenye Toyota IST, mtungi wa lita 60 kwa shinikizo la bar 200 unabeba takribani kilo 10, na kila kilo inakaribia lita moja na nusu ya petroli. Buti unaisahau. Gari likipiga miss, yaani injini ikikatakata, anza na plagi: gesi inahitaji cheche kali zaidi, hivyo punguza mwanya hadi milimita 0.7 au 0.8. Na usiache tenki la petroli tupu, maana injini huwaka kwa petroli kwanza. Pampu ikizunguka kavu inaungua. Foleni za vituo vya gesi ndizo zinazochosha.

Kwa upande wa umeme, Nissan Leaf ya mtumba hutembea kama kilomita 6 kwa uniti. Ila betri yake haina mfumo wa kupozwa, na joto la Dar linaila. Kabla ya kulipa, hesabu vipande vya uwezo wa betri kwenye dashibodi: mpya ina 12. Ikiwa na 8, achana nayo. Kwa kuchaji nyumbani, mwambie fundi umeme akuvutie laini ya gari peke yake, ekstensheni itayeyuka.

Dereva wa teksi ya mtandaoni, chukua gesi. Wa Mbezi–Posta mwenye maegesho kwake, umeme.