Ranflati likipata pancha: la kununua, la kuziba na la kutupa, kwa madereva wa Malindi

Malalamiko ya pancha za ranflati, yale matairi yanayoendelea kubeba gari hata upepo ukiisha, yamenifikia mengi mwaka huu, na moja limenikaa rohoni. Msomaji wa Muyeye alinunua BMW 320i iliyotoka Japani, akakanyaga msumari njia ya Gongoni, huko ambako malori ya chumvi hayaishi kudondosha vyuma. Taa ya upepo ikawaka. Gari lilikuwa likienda vizuri tu, akaendelea mpaka mjini. Fundi wa pancha akachomeka uzi wa mpira kwa nje, akajaza upepo, akalipwa chake. Wiki chache baadaye, karibu na Gede, ukuta wa tairi lile lile ukafumuka, naye ana mama yake na watoto garini. Walitoka salama, alhamdulillahi. Akaniandikia: "Dada, tairi lenyewe lilikuwa halizibiki, au fundi ndiye aliyeharibu?"

Nalijibu swali hilo kwanza, maana anayenunua ranflati ananunua na pancha zake.

Ranflati ni tairi ambalo kuta zake zimeongezwa mpira mzito, ili upepo ukiisha zibebe gari zenyewe. Kwa kawaida mtengenezaji hukupa kilomita 80, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ndiyo sababu ukifungua buti la BMW nyingi hukuti spea. Alama yake iko ubavuni: Michelin huandika ZP, Bridgestone RFT, Goodyear ROF, Continental SSR, Dunlop DSST, na yaliyotengenezewa Mercedes huwa na MOE. Kama hujui gari lako limevaa nini, chuchumaa usome leo, kabla ya pancha.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalitaji. Upepo ukiisha, ukuta wa tairi hujikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Joto linakula mpira kuanzia ndani. Kwa nje tairi linabaki jeusi, limenyooka, linang'aa. Livue kwenye rimu umulike tochi: utakuta pete ya mikwaruzo imezunguka ukuta wote, pengine mpira umebanduka, na chini umelala unga mweusi kama pilipili manga iliyosagwa. Unga huo ni ukuta wenyewe. Tairi lenye unga limekwisha, hata kama tundu la msumari halionekani kwa macho. Na si lazima upepo uwe umeisha kabisa. Kwenda mwendo mrefu tairi likiwa na upepo mchache sana huleta madhara hayo hayo.

Kwa hiyo tairi la msomaji wangu huenda lingezibika kama angesimama pale pale Gongoni taa ilipowaka. Baada ya kuendesha mpaka mjini, hakuna fundi ambaye angeweza kulihukumu bila kulivua. Zile kilomita 80 ni za kumwokoa dereva. Hazikuahidi kuliokoa tairi.

Kuna jambo la pili linaloongeza hatari. Tairi la kawaida likiishiwa upepo hubonyea, mtoto wa shule atakuonyesha. Ranflati husimama vile vile. Bila taa ya onyo unaweza kutoka Watamu mpaka Mambrui hujui kitu. Halafu BMW nyingi za miaka ya nyuma hazipimi upepo wenyewe. Zinalinganisha mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vihisi vya ABS, vile vya breki, na mfumo huo lazima uwekwe upya kila unapojaza upepo au kubadilisha tairi. Nimeona magari mengi hapa mjini yakitembea na taa hiyo imewaka tangu yatoke bandarini Mombasa, wenyewe wameizoea. Ndugu zangu, ranflati lisilo na taa inayofanya kazi ni hatari kuliko tairi la kawaida.

Masharti ya kuziba ni haya, wala usikubali fundi akupunguzie. Tundu liwe sehemu inayokanyaga lami, si begani, pale inapokutana na ukuta, wala ukutani. Waingereza, katika kanuni yao ya BS AU 159, huhesabu robo tatu za katikati ya upana huo. Chama cha watengenezaji tairi wa Marekani kinaweka kikomo cha tundu kuwa milimita 6. Tairi livuliwe kwenye rimu, likaguliwe ndani kwa mwanga, kisha lizibwe kutoka ndani kwa kiraka chenye shina linalojaza tundu. Ule uzi wa kuchomeka kwa nje hauhesabiwi kuwa matengenezo. Watengenezaji nao hawafanani: Michelin anaruhusu ZP kuzibwa na fundi aliyefunzwa, kwa masharti, ilhali Continental hashauri kuziba SSR.

Na kabla ya hayo yote kuna kulivua. Ukuta wa ranflati ni mgumu mno. Panahitajika mashine yenye mkono wa kusaidia kukandamiza, si vyuma viwili na nyundo chini ya mwarobaini. Nimeona kingo za matairi mazima zikichanwa na vyuma hivyo, na ukingo uliochanika haushiki rimu. Fundi wako akianza kutafuta nyundo, mzuie.

Sitaandika habari za kelele, ulaini wala mafuta. Hayo yanaandikwa kila mahali. Mimi napanga kwa kipimo kimoja: siku ya pancha, utabaki na nini?

Namba moja kwangu ni Michelin ZP mpya, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Sababu nimeshaitaja: pancha ndogo ukiiwahi, hulazimiki kutupa tairi. Kwa mtu ambaye safari zake ni Malindi na Mombasa, kama kilomita 120, mpango unaingia akilini. Ukipata msumari ukitoka Malindi, Kilifi iko kama kilomita 60. Utafika, tena barabara nzima ina watu. Mama anayesafiri na watoto jioni hashuki kupiga jeki gizani. Mimi hilo tu lingetosha kunitoa pesa.

Namba mbili ni Bridgestone RFT. Ni tairi zito, la kuaminika, na magari mengi yanayoletwa kutoka Japani huja nalo. Continental SSR ni zuri barabarani, lakini nimelishusha nyuma yake kwa sababu moja tu: msumari mmoja, tairi jipya. Hesabu hiyo uifanye dukani, usingoje kuifanya ukiwa Matsangoni.

Namba tatu ni kuachana na ranflati: matairi manne ya kawaida ya kampuni nzuri, ya kipimo na uzito ulioandikwa kwenye mlango wa gari, pamoja na spea kamili, jeki na spana ya magurudumu. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana kwa baadhi yenu hii ndiyo namba moja. Kama unakwenda Garsen, Witu na Mokowe kuvukia Lamu, au unapanda Langobaya kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, kilomita 80 hazikufikishi popote penye mashine. Malindi mpaka Garsen peke yake ni zaidi ya kilomita 100, na kuanzia Tana kuna miiba ya mti wa mathenge inayopenya tairi la aina yoyote. Kule tairi la kawaida lenye spea linakurudisha nyumbani. Spea itakula buti, ni kweli, na uifunge kwa mkanda isiruke ukifunga breki. Anayebadilisha matairi bila kununua spea amejivua ranflati na asivae kitu. Wala usichanganye ranflati na la kawaida kwenye ekseli moja.

Ranflati lako mwenyewe lililozibwa naliweka namba nne. Lako, ambalo unajua lilikwenda wapi, ulisimama lini, na ulikuwepo tochi ilipomulikwa ndani. La mtu mwingine lililozibwa silipangi kabisa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kuna biashara ya ranflati za mitumba zinazong'arishwa kwa dawa nyeusi, zikapangwa nje ya duka, na muuzaji anakuapia kwamba "hili ni eksi Japani, halina pancha". Muulize: limewahi kuendeshwa bila upepo? Hajui, na hawezi kujua. Mwambie aliinamishe uone ndani. Wengi hukasirika hapo hapo, wakakuambia wewe si mnunuzi. Tarehe nayo wanaifunika kwa kidole. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, ile inayoanza kwa herufi hizo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kenya inakubali magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo tairi lililokuja na gari linaweza kuwa na umri wa gari lenyewe, na jua la huku halikulihurumia.

Bei ndiyo kabisa. Piga simu uulize tairi la kipimo cha 225/50R17, utatajiwa bei moja. Sema ni ya BMW, inapanda. Fika dukani na gari lenyewe, inapanda tena. Kisha unaulizwa kama unataka bei ya risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, au isiyo na risiti, kana kwamba ile VAT ya asilimia 16 ni hiari ya muuzaji. Chukua risiti. Bila risiti huna dai lolote tairi likitoa nundu mwezi wa pili. Wenye duka moja la mjini humu walimwambia jirani yangu kwamba nundu ya ukutani "itarudi ndani gari likipata moto". Nundu ni nyuzi za ndani zilizokatika, hazirudi.

Ranflati mpya za bei ya chini, za majina usiyoyajua, zipo. Nilizozishika hazikuwa na maelezo yoyote ya mtengenezaji kuhusu kuziba, kwa hiyo zihesabu kuwa hazizibiki. Kama mfuko ni mdogo, nunua mawili mazuri ya kawaida mwezi huu uyafunge ekseli moja, mawili mwezi ujao, na spea uitafute kabla ya yote hayo. Tairi la spea hata likiwa na rimu ya chuma linatosha, mradi liwe na kimo kile kile na matundu ya bolti yaoane. Lijaribu kulifunga uwani kwako kabla hujaliweka kwenye buti, na uhakikishe bolti za rimu ya aloi zinaishika rimu hiyo ya chuma. Nyingine ni ndefu mno, na hapo rimu ya chuma itataka seti yake.