Marvel Unlimited: Ghala Kubwa la Katuni Kwenye Kioo Kidogo

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikilipia Marvel Unlimited, huduma ya kusoma katuni za Marvel kwa dola 9.99 za Marekani kwa mwezi, na katika muda huo nimesoma katuni nyingi kuliko zote nilizowahi kuzishika mkononi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Nilipokuwa kijana, aliyetaka katuni za Kimarekani alizitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba kandokando ya Barabara ya Samora, akabahatika kupata toleo la tatu la hadithi ambayo toleo lake la kwanza na la pili hayakuwahi kufika huku, na la nne hakulipata kamwe. Huduma hii, iliyoanzishwa mwaka 2007, ina matoleo zaidi ya 30,000, yakiwemo ya miaka ya 1960, na hadithi nyingi nilizoziacha njiani nimezimalizia humo. Toleo jipya huingia takriban miezi mitatu baada ya kuuzwa madukani Marekani, nami sijaona ubaya wa kusubiri. Tena unaweza kupakua matoleo nyumbani, ukayasoma ndani ya daladala bila kugusa bando.

Tatizo linaanzia kwenye ukurasa wenyewe. Ukurasa wa katuni hupangwa mzima kwa pamoja: mchoraji huamua ukubwa wa kila kisanduku kwa kukilinganisha na jirani zake, vidogo vinavyofuatana vikiharakisha jicho na kipana kikilituliza, hata msomaji akahisi mwendo wa hadithi kabla hajasoma neno. Kioo cha simu hakiwezi kuonyesha ukurasa huo kwa ukubwa unaosomeka, ndiyo maana programu ina namna ya kuonyesha kisanduku kimoja baada ya kingine. Maneno yanasomeka vizuri sana, lakini kila kisanduku kinavutwa mpaka kijaze kioo, kikubwa na kidogo vinakuwa sawa, na ile kazi ya kupanga ukurasa inapotea. Kibaya zaidi ni pale picha moja inapotandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Katika karatasi, vita vya namna hiyo hukujaa machoni kutoka ukingo hadi ukingo; kwenye simu ama unaona picha ndogo kama stempu, ama unaisogezasogeza kwa kidole ukitafuta nani anampiga nani. Vivyo hivyo na kufunua. Mchoraji hodari huliweka jambo la kushtusha nyuma ya karatasi, ili jicho lisiliwahi kabla ya mkono, na yale mapigo ya moyo ya kabla ya kufunua ni sehemu ya hadithi. Kugusa kioo hakuna kabla wala baada.

Kishikwambi cha inchi 10 kinaponya sehemu kubwa ya maradhi haya, nami simshauri mtu alipie huduma hii iwapo ana simu peke yake. Hata hivyo, kwenye katuni za zamani rangi zinanisumbua hata humo. Zilichapwa kwa wino uliozama kwenye karatasi duni ya gazeti, na waliozipaka rangi walijua kuwa karatasi ingezipooza. Zikitiwa rangi upya na kumulikwa kwa nyuma, nyekundu inawaka kama taa ya breki. Mara nyingi matangazo ya biashara na barua za wasomaji pia zimeondolewa, ilhali humo ndimo mtu angeona watoto wa wakati ule walipenda nini na walibishania nini.

Zipo katuni zilizozaliwa kwenye simu, nazo sina neno nazo. Wakorea walionyesha njia kwa hadithi zinazoshuka chini mfululizo kama utepe, na mwaka 2021 Marvel nayo ikaanza kutoa za aina hiyo ndani ya huduma hii. Hakuna ukurasa wa kuvunjwa, na nafasi tupu kati ya picha mbili hufanya kazi ya kufunua. Ukishusha kidole polepole, unangoja kweli.

Linalonizuia kuacha karatasi ni suala la umiliki. Ukisitisha malipo, ghala lote linafungwa. Hata anayenunua nakala ya kidijitali moja moja anategemea uamuzi wa mwenye duka: ComiXology, iliyokuwa duka maarufu kuliko yote la katuni za kidijitali, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2014, na mwaka 2023 programu yake ikaunganishwa na Kindle, programu ya Amazon ya kusomea vitabu, wasomaji wengi wakalalamika kwamba mahali walipozoea pamebadilishwa bila ridhaa yao. Karatasi ina adui zake, mchwa na mvua, na kasha langu la magazeti ya katuni ya Sani liliishia hivyo. Lakini kabla ya mvua, kila nakala ilikuwa imepita nyumba nne au tano za mtaa wetu, ikirudi imekunjika pembe, na tulimjadili mhusika wake Ndumilakuwili barazani kwa sababu sote tulikuwa tumesoma nakala ileile. Akaunti yangu siwezi kumwazima jirani namna hiyo.

Nitaendelea kulipia mpaka nimalize matoleo ya miaka ya 1980. Yale matatu niliyoyarudia mara nyingi nimeshayaagiza kwa karatasi, na rafu nimeipandisha juu, mbali na dirisha.